Jeli Inayojua Kuachia

Kukuza seli za binadamu maabarani kumeshazoeleka. Kasheshe ni kuzibandua kwenye sahani. Seli hujishikiza kwa protini zinazofanya kazi ya gundi, na kwa miaka mingi dawa yake ilikuwa kimeng'enya kiitwacho tripsini. Tripsini hukata protini bila kuchagua: seli hutoka, lakini zimetawanyika moja moja na gundi yao imekwisha kuliwa. Ukizimwaga juu ya kidonda, nyingi hupotea.

Mwaka 1990 watafiti wa Tokyo, akiwamo Teruo Okano, walileta njia nyingine. Walipaka sahani polima ya PNIPAM, iliyo katika jamii ya hidrojeli, yaani nyuzi zilizosukana zikabeba maji mengi. Sukari huyeyuka upesi kwenye chai ya moto. Polima hii ni kinyume. Ikizidi nyuzijoto 32 hivi huyatema maji na kusinyaa. Ikipoa chini ya hapo huyanywa na kuvimba. Kwa hiyo kwenye nyuzijoto 37, joto la mwili, seli huishika vizuri na kuzaliana. Sahani ikipozwa hadi 20, jeli huvimba, na seli huachia zote kwa pamoja, utando mzima, gundi ikiwa bado upande wa chini. Tabaka lenyewe lina unene wa nanomita 20 hivi. Likizidi sana, seli hukataa kushika tangu mwanzo.

Gundi hiyo ndiyo faida kubwa. Mwaka 2004 Kohji Nishida na wenzake huko Japani walieleza habari za wagonjwa 4 walioharibika konea za macho yote mawili. Walichukua seli za utando wa ndani ya mdomo wa mgonjwa mwenyewe, wakazikuza, wakazipoza, wakaulaza utando juu ya jicho bila kushona hata uzi mmoja. Wote 4 walianza kuona vizuri zaidi.

Moyo umekuwa mgumu zaidi. Mwaka 2015 Japani iliidhinisha kwa masharti tando za seli za misuli ya paja kwa wenye moyo dhaifu. Mwaka 2024 jopo la wataalamu likaamua kuwa ufanisi wake haujathibitika. Mimi siilaumu jeli. Kazi yake ni kuachia seli zikiwa nzima, na hilo imelifanya. Kuuponya moyo ni mzigo wa seli zenyewe.