Giaboksi Ikiteleza, Uchunguzi Utangulie Spana

Hapana shaka kila dereva aliyewahi kupandisha mlima na abiria aijua hofu ya kukanyaga mafuta, injini ikavuma, na gari lisiongeze mwendo. Hiyo ndiyo giaboksi inayoteleza. Nguvu ya injini ipo, lakini haifiki magurudumuni. Kwa dereva wa teksi ambaye jioni yampasa kupeleka hesabu kwa tajiri wake, ugonjwa huu ni kukosa riziki. Kwa abiria, waweza kuwa ni suala la uhai. Gari linaloteremka Kitonga, au kutoka Lushoto kwenda Mombo, hutegemea gia ya chini ilizuie ili breki zisichemke. Giaboksi isiyoshika humwachia dereva breki peke yake, nazo zikipata moto mno hupoteza nguvu.

Ndiyo maana twaona yatupasa kulisema jambo moja waziwazi: giaboksi isifunguliwe kabla ya kuchunguzwa. Wapo mafundi ambao hutoa hukumu kwamba giaboksi imekufa hata kabla boneti halijainuliwa. Mwenye gari huambiwa anunue nyingine ya mtumba, asiyoijua ilitoka gari gani wala imetembea kilomita ngapi. Ikiwa chanzo cha ugonjwa kilikuwa kingine, fedha huteketea na chanzo hubaki palepale.

Tuanze na giaboksi ya mkono, ile waliyoizoea madereva wa Land Rover na Peugeot 504 katika miaka ya 1970 na 1980. Humo kinachoteleza si meno ya gia, bali klachi. Kuipima si kazi kubwa. Gari lisimame mahali tambarare pasipo na mtu mbele wala nyuma, magurudumu yazuiwe kwa mawe na breki ya mkono ivutwe sawasawa. Dereva aingize gia ya juu kabisa, aongeze mafuta kidogo, kisha aachie klachi polepole. Klachi nzima huizima injini mara moja. Injini ikiendelea kunguruma, klachi yateleza. Jaribio hili ni la sekunde chache tu, kwani huchoma pleti.

Hata hapo fundi asikimbilie dukani. Kwanza atazame pedali: ikiwa haina nafasi ya kucheza kidogo kabla ya kuanza kazi, huenda waya umekazwa mno na presha pleti haibani ipasavyo. Pili atazame sili ya nyuma ya injini. Pleti mpya ikifungwa penye sili inayovuja italowa oili, na ugonjwa utarejea.

Siku hizi, hata hivyo, magari mengi yanayoingia nchini baada ya kutumika Japani ni ya otomatiki. Ndani ya giaboksi hizo zimo klachi za pleti nyingi, zinazobanwa kwa shinikizo la oili itokayo kwenye pampu. Oili ndiyo damu yake. Ikipungua, au ikiwa si ya aina yake, pleti hazibanwi vema. Husuguana na kuungua. Kwa hiyo basi, uchunguzi hauna budi kuanza na oili.

Aghalabu hupimwa gari likiwa tambarare, injini imepata moto na inanguruma, baada ya mkono wa gia kupitishwa kila mahali na kurudishwa P. Magari mengine hayana kijiti. Hayo hupimwa kwenye tundu maalumu, oili ikiwa katika joto lililotajwa na kiwanda. Oili ya giaboksi haiunguzwi kama petroli. Ikipungua, ipo inakovuja. Wala kuizidisha si heri, maana vyuma vinavyozunguka huikoroga ikawa povu, na povu halibani kitu. Oili iliyokuwa nyekundu ikigeuka nyeusi na kunuka moto, hiyo ni ishara ya pleti zilizoungua.

Aina ya oili nayo ni jambo zito. Mathalani, kwa magari ya Toyota ipo oili ya T-IV, ipo ya WS, na ipo ya giaboksi za CVT, zinazotumia mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida. Dukani zote zaweza kuitwa oili ya giaboksi, lakini CVT ikitiwa oili ya otomatiki ya kawaida huharibika. Neno la mwisho ni la kitabu cha gari, si la muuza duka.

Baada ya oili, kompyuta iunganishwe. Alama kama P0730 husema kwamba mwendo wa gia haulingani na unaotarajiwa. Haisemi kwamba giaboksi nzima itupwe. Huenda ni waya, au ni valvu ya umeme inayoongoza oili. Kisha ndipo lifunguliwe bakuli la oili lililo chini. Ungaunga mwembamba wa kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vikionekana vipande vya chuma, au mabaki mengi meusi ya pleti, hapo hakuna njia ila kuifungua giaboksi na kubadili vilivyoharibika.

Madereva nao wana sehemu yao. Kuingiza rivasi gari lingali likienda mbele, kujaza mzigo kupita kiasi, na kuendelea na safari wakati giaboksi yateleza, ni kuigeuza kasoro ndogo kuwa hasara kubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Twawaheshimu mafundi wetu, wengi wao wakiwa wamejifunza chini ya mwembe kwa jasho lao. Wanastahili mafunzo ya magari haya mapya, na VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina wajibu wa kuwafikia huko huko gereji, kwa Kiswahili wanachokielewa. Lakini gari la mwenzio ni amana. Mwenye gari naye ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa fedha: oili imepimwa? Kompyuta imesema nini? Kimeonekana nini ndani ya bakuli? Fundi asiyeweza kuyajibu hajachunguza, na asiyechunguza asiguse spana.