Mikono Michache, Sahihi Nyingi: Kazi ya Afisa Ununuzi Katika Taasisi Ndogo ya Umma

Ununuzi wa umma ni kutumia fedha za wananchi kupata bidhaa, huduma na majengo kwa njia ambayo kila hatua imeandikwa na mtu mwingine anaweza kuikagua. Wengi wakisikia neno "tenda" huwaza barabara kuu, mabwawa na wizara za katikati ya jiji la Nairobi. Lakini Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 haipimi ukubwa wa ofisi: shule ya umma ni taasisi inayonunua, sawa na wizara. Mtu akishuka matatu Mutuini, wadi ya eneobunge la Dagoretti Kusini upande wa magharibi wa jiji, yuko katikati ya wanunuzi wa namna hiyo. Ipo Shule ya Upili ya Mutuini, ipo Hospitali ya Mutuini iliyo chini ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, zipo na shule za msingi. Taasisi za ukubwa huo hununua mahindi, maharagwe, glavu, sabuni, karatasi, mabati na huduma ya kuzoa taka. Anayeshika kazi hiyo mara nyingi ni mtu mmoja, pengine na msaidizi, na ofisi yake haiko mbali na stoo.

Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 kinataka ununuzi wenye haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sheria ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, pamoja na kanuni zake za 2020, huyageuza maneno hayo kuwa hatua, na njia yake kuu ni kutenganisha mikono. Anayehitaji kitu si yule anayekitafutia bei. Anayepima zabuni si yule anayeamua mshindi. Anayepokea mzigo si yule aliyeuagiza. Chini ya sheria ya awali, ile ya 2005, iliyoamua mshindi ilikuwa kamati ya zabuni. Kamati hiyo imeondolewa. Siku hizi uamuzi ni wa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayejibu kwa fedha zake, na kabla ya kuamua ni lazima awe na maoni ya kitaalamu yaliyoandikwa na mkuu wa ununuzi. Katika wizara mkuu huyo ana idara nzima nyuma yake. Katika taasisi ndogo, idara nzima ni yeye.

Hesabu ya watu ndiyo tatizo la kwanza, na ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kamati ya kufungua zabuni inataka watu wasiopungua 3, na angalau mmoja wao asiwe anahusika na tathmini. Kamati ya tathmini ina watu 3 hadi 5, na katibu wake ni mtu wa ununuzi. Kisha ipo kamati ya ukaguzi na upokeaji. Kamati hizi huteuliwa kwa maandishi na kwa kazi mahususi; hazikai milele. Shule ina walimu wa kutosha kwa hesabu, lakini walimu hao wana vipindi. Hospitali ina wauguzi, nao wana zamu. Majina yaleyale manne yakianza kujirudia katika kila faili, huyu akifungua Jumanne, akipima Alhamisi na kupokea mzigo mwezi ujao, mgawanyo unaotakiwa na sheria umebaki kwenye karatasi tu. Afisa mzuri hutunza orodha ya nani alikaa kamati gani, huzungusha majina, na huomba mhandisi au mfamasia kutoka ofisi za kaunti pale ujuzi unapokosekana ndani.

Afisa mwenyewe naye hatakiwi kuwa mtu yeyote aliyeokotwa kushika faili. Sheria inataka kazi ya ununuzi ifanywe na wataalamu, na tangu Sheria ya Usimamizi wa Wataalamu wa Ugavi ya 2007, taaluma hii ina chama chake, KISM, kinachosajili wanachama. Hata hivyo, katika shule nyingi ndogo kazi hiyo huishia mikononi mwa mhasibu au mtunza stoo. Hilo ni kosa la mpangilio kabla ya kuwa kosa la mtu, kwa kuwa mhasibu anayenunua pia ndiye anayelipa.

Mwaka wa kazi huanza kabla ya tarehe 1 Julai, mwaka wa fedha unapofunguliwa. Kila idara hutaja mahitaji yake, na afisa huyakusanya kuwa mpango wa ununuzi unaoonyesha kitu, kiasi, makadirio ya bei, njia ya kununua na mwezi. Ununuzi wowote usianze kabla ya afisa masuuli kuridhika kwamba fedha zimetengwa. Aidha, thamani isiyopungua asilimia 30 ya zabuni hutengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa AGPO, ulioanza mwaka 2013. Makundi hayo hayadaiwi dhamana ya zabuni ya benki. Hutia sahihi fomu ya tamko badala yake.

Mpango huu huonekana kama karatasi ya kutimiza wajibu, lakini ndiko makosa makubwa ya taasisi ndogo huzaliwa. Kanuni za 2020 zinaruhusu kununua bidhaa au huduma kwa kotesheni, yaani bei zinazoombwa kwa wauzaji wachache, hadi shilingi milioni 3, na kazi za ujenzi hadi milioni 5. Ununuzi wa thamani ya chini, ule wa kwenda dukani na kurudi na risiti, una kikomo cha shilingi 50,000 kwa kila bidhaa kwa mwaka wa fedha. Tuseme shule ya bweni inatumia mahindi ya shilingi milioni 4.2 kwa mwaka. Muhula mmoja ni milioni 1.4 na kotesheni inatosha. Mwaka mzima haitoshi, inahitajika zabuni ya wazi. Kuugawa ununuzi huo vipande vitatu ili kukwepa zabuni kumekatazwa na kifungu cha 54, na aliyefuata tu kalenda ya mihula bila nia mbaya anaweza kuonekana amefanya hivyo. Vivyo hivyo nyanya. Zikinunuliwa sokoni za 3,000 kila wiki, kikomo cha 50,000 huvukwa kabla ya wiki ya ishirini, na hakuna atakayetambua mpaka mkaguzi wa hesabu ajumlishe risiti. Anayejumlisha mapema, bidhaa kwa bidhaa, hugundua mwezi wa Juni kwamba mboga zinahitaji mkataba. Asiyejumlisha huligundua hilo katika ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Hospitali ina tofauti yake. Dawa na vifaa vya tiba vya vituo vya umma hununuliwa kwanza kutoka KEMSA, mamlaka ya kitaifa ya usambazaji wa dawa. KEMSA ikikosa kitu, kituo hutafuta kwingine, na kule kukosa kuwe kumeandikwa. Tangu sheria ya 2023 kuruhusu vituo vya afya kubaki na pesa vinazokusanya, hospitali ya wadi ina fedha karibu zaidi na mkono wake kuliko zamani, na kwa hivyo ina ununuzi mwingi zaidi wa kusimamia yenyewe.

Baada ya mpango huja maelezo ya kitu kinachotakiwa. Sheria inakataza kutaja chapa ya kampuni bila kuongeza kwamba kitu kinacholingana nacho kitakubaliwa. Daktari akiandika jina la mashine anayoipenda, afisa humrudia na kumuuliza mashine hiyo inafanya nini, kwa kiwango gani, kwa umeme gani, na vipuri vinapatikana wapi. Mazungumzo hayo huleta ubishi, na ni haki yalete ubishi. Maelezo yaliyolegea huleta glavu zinazopasuka wakati wa kuvaliwa. Yaliyobana kupita kiasi humwacha muuzaji mmoja tu mlangoni.

Bei nayo huchunguzwa kabla ya kuuliza wauzaji. Sheria inasema bidhaa za kawaida zinunuliwe kwa bei halisi ya soko. Mwaka 2015 Kenya nzima ilizungumzia toroli, wilbaro kama zinavyoitwa mitaani, ambazo Kaunti ya Bungoma ilinunua kwa takriban shilingi 109,000 kila moja. Afisa wa Mutuini ana bahati ya jiografia: anaweza kwenda Kawangware au Gikomba asubuhi, akaandika bei za maduka matatu, akarudi na karatasi ya kuweka kwenye faili. Karatasi hiyo ndiyo ngao yake siku kotesheni zote zitakapokuja juu kwa kiasi kilekile cha kushangaza.

Kotesheni huombwa kwa watu wasiopungua 3 kutoka orodha ya wauzaji waliosajiliwa. Mahali padogo, orodha hiyo ni orodha ya jirani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ni mzee wa kanisa. Msambazaji wa maziwa ni mama wa mwanafunzi. Kijana wa AGPO alisoma darasa moja na mdogo wake afisa. Hakuna dhambi katika kufahamiana. Dhambi ni kunyamaza. Mwenye maslahi hutakiwa kuyatangaza na kujiondoa, na mtu wa ununuzi hujiandikia tamko lake mwenyewe kwanza ili wengine wasione aibu kuandika lao. Hatari nyingine ni kotesheni tatu zilizoandikwa na mkono mmoja: makosa ya tahajia yanayofanana, mihuri mipya ya siku moja, bei zinazopishana kwa hatua sawasawa. Aliyepokea karatasi hizo na kuziacha zipite hawezi kujitetea kwamba zilikuwa tatu.

Tathmini ya zabuni ina siku 30 na hufuata vigezo vilivyotangazwa, hakuna kingine. Hapa katibu wa kamati hubanwa na nafasi yake. Yeye ndiye anayeandika majadiliano, na baadaye ndiye anayeandika maoni ya kitaalamu juu ya majadiliano hayohayo. Maoni hayo yasiwe muhtasari wa kusema kamati ilifanya vyema. Yanapaswa kueleza kama njia ya ununuzi ilikuwa sahihi, kama vigezo vilifuatwa, kama bei inalingana na soko, na kama bajeti inatosha. Kamati ikiwa imepotoka, yaseme hivyo, hata kama mwenyekiti wake ni naibu mkuu wa shule. Kuandika sentensi hiyo ndiko kunakohitaji ujasiri kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi hii, na sheria imeitaka kwa maandishi makusudi, kwa kuwa neno la mdomo katika ofisi ya mkuu halimlindi yeyote. Anayepatikana na hatia ya kuvunja sheria hii anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 4, kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili.

Washindi na walioshindwa huarifiwa kwa pamoja, na walioshindwa huelezwa sababu. Mkataba haupaswi kutiwa sahihi kabla ya siku 14 kupita, kwa kuwa ndani ya siku hizo mzabuni aliyeshindwa anaweza kupeleka malalamiko kwa bodi ya kitaifa ya mapitio ya ununuzi, nayo ina siku 21 kuamua. Taasisi ndogo hupenda kuziruka siku hizo kwa sababu wanafunzi wanafungua Jumatatu. Dawa yake ni kuanza mapema.

Mkataba wenyewe una ugumu ambao wauzaji wa chakula huujua vizuri. Bei haiwezi kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu sahihi. Gunia la mahindi la kilo 90 halijui kifungu hicho; ukame ukiingia hupanda bei katika wiki chache, na muuzaji aliyeweka bei ya mavuno huacha kuleta. Mikataba ya mfumo, ambapo wauzaji kadhaa hukubaliwa kwa muda wa hadi miaka 3 na kuitwa kadiri ya mahitaji, hupunguza maumivu haya kuliko mkataba wa muuzaji mmoja.

Mzigo ukifika, LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, hulinganishwa na kilicho kwenye lori. Magunia hupimwa, tarehe za dawa husomwa, kamati ya upokeaji hutia sahihi, na stoo huandika fomu ya S13 ya kupokea. Baadaye kitu kikitoka, huandikwa fomu ya S11. Kupokea nusu na kuandika kamili kwa ahadi ya "kesho naleta" ni mlango ambao ukishafunguliwa haufungiki.

Kisha malipo, na hapa afisa huona matokeo ya kazi yake yakiharibiwa na mambo yasiyo mikononi mwake. Pesa za shule hutoka serikalini kwa kuchelewa. Hospitali husubiri malipo ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima wa NHIF Oktoba 2024. Madeni ya Kaunti ya Nairobi kwa wauzaji ni makubwa kuliko ya kaunti nyingine yoyote. Muuzaji mwenye mtaji huingiza ucheleweshaji huo ndani ya bei, na taasisi hulipa riba bila kuiona. Kijana wa AGPO aliyekopa ili alete sabuni hawezi kusubiri miezi 8. Hufilisika, na mwaka unaofuata orodha ya wauzaji imebaki na wale wale wakubwa. Kinachoweza kufanywa na mtu wa ununuzi ni kidogo lakini ni kweli: asitoe LPO bila fedha, apeleke ankara kwa mhasibu siku mzigo unapokubaliwa, na amweleze muuzaji mahali ilipo.

Kazi huishia kwenye vitu vilivyochakaa. Vitanda vya chuma vilivyovunjika, madawati na kompyuta zisizowaka huorodheshwa, kamati ya uondoaji huvikagua na kupendekeza mnada, zabuni au kupeleka kwa taasisi nyingine. Dawa zilizokwisha muda haziuzwi. Huharibiwa chini ya usimamizi. Kumbukumbu za kila ununuzi hutunzwa angalau miaka 6 baada ya mkataba, na faili kamili ina mpango, ombi la idara, bei za soko, kotesheni zote pamoja na zilizoshindwa, uteuzi wa kamati, maoni ya kitaalamu, barua za kuarifu, LPO, S13 na nakala ya malipo.