Kiolesura cha Saa Mahiri na Kitenzi cha Kiswahili

Neno "saa" katika Kiswahili hubeba dhana mbili: kipimo cha muda na chombo kinachoupima. Chombo hicho sasa kimezidishiwa kazi. Saa mahiri hupokea arifa, huhesabu hatua na mapigo ya moyo, na huendesha programu ambazo awali zilikaa kwenye rununu. Makala haya yananuia kueleza jinsi kiolesura, yaani ule uso wa programu ambao mtumiaji huutazama na kuugusa, kinavyosanifiwa ili kienee katika kioo kidogo, na kwa nini kazi hiyo haifai kuachiwa wahandisi pekee pindi lugha inapokuwa Kiswahili.

Tuanze na vipimo. Saa ya Pebble, iliyowafikia wanunuzi mwaka 2013, ilikuwa na kioo cha pikseli 144 kwa 168. Apple Watch ya kwanza, iliyotoka mwaka 2015, ilikuwa na pikseli 272 kwa 340 katika umbo lake dogo. Pikseli zimeongezeka tangu hapo, ila kifundo cha mkono wa binadamu hakikui, wala kidole chake hakipungui. Miongozo ya Android hupendekeza eneo la kuguswa lisilopungua milimita 9 hivi kila upande. Kwa hivyo, kioo chenye upana wa milimita 30 hakiwezi kubeba zaidi ya vitufe vitatu kwenye mstari mmoja, na hata hapo kidole hufunika kile ambacho jicho linataka kuona. Ndiposa Apple wakaweka taji la kuzungushwa ubavuni mwa saa, nao Samsung, katika Gear S2 ya mwaka 2015, wakaifanya pete inayokizingira kioo kuwa ya kuzungushwa. Maandishi husogezwa bila kufunikwa.

Kioo cha mviringo, kama kile cha Moto 360 ya mwaka 2014, kina ugumu wake: mraba mkubwa kabisa unaoingia ndani ya duara huchukua takriban asilimia 64 tu ya eneo la duara hilo. Mistari ya juu na ya chini lazima iwe mifupi kuliko ya katikati.

Sasa tuingie katika lugha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, mjadala ungeweza kukaa kwenye istilahi, maadamu kioo cha tarakilishi kina nafasi ya kutosha. Saa haina nafasi hiyo. Maandishi yakizidi mstari, programu nyingi huyakata mwishoni na kuweka nukta tatu. Desturi hii huvumilika katika Kiingereza, ambapo dalili ya kutendwa hutangulia kitenzi ikiwa neno la pekee. Katika Kiswahili, mnyambuliko hukaa mwishoni mwa kitenzi, mahali hasa panapokatwa.

Chukua mfano wa mchuuzi aliyevaa saa yenye mstari wa herufi kumi na tano. Mkono umeshika mzigo, arifa inaingia, anatupa jicho: "Jumatatu utalip…" Je, ni utalipa, utalipwa au utalipia? Kiambishi kimoja cha kutendwa kimetoweka, na pamoja nacho tofauti baina ya deni na mapato. Mfano mwingine unachekesha zaidi: "Mama Asha anakup…" Huenda anakupigia simu, anakupongeza, au anakupiga! Mbaya kuliko yote ni "Umeshind…", ambayo msomaji mwenye haraka huikamilisha kwa furaha, kumbe alikuwa ameshindwa.

Tiba yake si kupunguza ukubwa wa herufi, kwani saa husomwa kwa sekunde chache, mara nyingi mtu akiwa anatembea. Nomino itangulizwe pale ambapo kitenzi kinaweza kuponza: "Malipo kwako: Jumatatu" hata ikikatwa baada ya herufi kumi na tano haiachi shaka kuhusu nani anapokea. Pili, neno refu likikosa nafasi, livunjwe kwenye mpaka wa silabi na kuendelezwa mstari unaofuata. Silabi zetu aghalabu ni wazi, hivyo kanuni ya kulivunja neno ni rahisi kuifundisha mashine: u-ta-li-pwa. Kwa vitufe hatuna haja ya kulalamika, maana amri zetu ni fupi ajabu: futa, tuma, anza, soma. Na penye "hapana", "la" inatosha, ingawa nakiri kwamba baadhi ya vijana wataiona ya kizee.

Limebaki suala la wakati wenyewe. Katika uso wa saa wenye mishale, saa ya Kiswahili ni ile namba inayokabiliana na mshale mfupi: mshale ukiwa kwenye 9, sisi tunasema saa tatu. Arifa ikiandikwa "saa 3" juu ya uso unaoonyesha 9:00, tarakimu mbili zinagombana kwenye kioo kisicho na nafasi ya maelezo. Rai yangu ni kwamba tarakimu ziachiwe mfumo wa kimataifa, na wakati wa Kiswahili uandikwe kwa maneno, "saa tatu asubuhi", hata kama utahitaji mstari wa pili.