Kadi mpya za picha zimepita michezo ya video? Lubumbashi, mbele ya kulipa angalia ekrani na umeme

Kijana wa komini ya Lubumbashi ameweka akiba miezi mingi ili anunue kompyuta ya kuchezea. Rafiki zake wanamwambia atafute kadi ya picha, ile wengi wanaita karte grafiki, ya mwisho kutoka kiwandani. Wengine wanamwambia asipoteze feza, kwa sababu kadi hizi zimekuwa na nguvu kupita michezo yenyewe. Nani anasema kweli?

Tuanze na mashini yenyewe. Mwezi wa kwanza 2025, kampuni ya Marekani NVIDIA ilitoa GeForce RTX 5090. Bei yake ya kwanza ilikuwa dola 1999, na bei hiyo ni ya Marekani: usafiri, ushuru wa mpakani na faida ya muuzaji havimo ndani. Mwezi wa tano mwaka huohuo ilitoka ndugu yake mdogo, RTX 5060, kwa dola 299. Kati ya hizo mbili, tofauti ni dola 1700.

Zamani michezo ndiyo ilikuwa inakimbia mbele. Mwaka 2007 mchezo Crysis ulipotoka, hata kompyuta za bei kali zilishindwa kuuonyesha vizuri. Leo hali ni ingine. Watengenezaji wengi wanaandaa michezo yao kwanza kwa PlayStation 5, mashini iliyotoka mwezi wa 11 mwaka 2020. Hawawezi kuomba nguvu ambayo mashini hiyo haina. Kwa hiyo kadi yenye nguvu kidogo kupita PlayStation 5 inaweza kubeba sehemu kubwa ya michezo ya leo. Michezo ya mpira, kama EA Sports FC, inaomba hata kidogo zaidi.

Jambo la pili ni ekrani. Ekrani ya kawaida ina nukta 1920 kwa 1080, maana yake karibu milioni mbili. Ekrani ya 4K ina karibu milioni nane, mara nne zaidi. Kadi inapiga hesabu ya kila nukta, tena mara 60 kwa sekunde kama unataka mchezo uende laini. Mwenye ekrani ya kawaida akinunua RTX 5090, ni kama mtu aliyenunua lori la mgodini kwa kubeba mfuko mmoja wa unga. Kwake yeye, ndiyo, kadi imepita mchezo.

Lakini kuna upande mwingine. Mchezo Cyberpunk 2077, uliotoka mwaka 2020, uliongezewa mwaka 2023 namna ya kupiga hesabu ya njia ya miale ya mwanga, ili kivuli na mwangaza vifanane na vya kweli. Ukiiwasha yote kwenye ekrani ya 4K, hata RTX 5090 peke yake inabaki karibu na picha 30 kwa sekunde. Ili kufika juu, NVIDIA inatumia akili bandia: kadi inachora picha, kisha inabuni picha nyingine za kuongeza katikati. Jicho linaona laini, lakini kidole kinaposukuma kitufe, picha hizo za kubuni hazileti jibu haraka zaidi. Hapo mchezo bado uko mbele ya kadi.

Tena, kadi za zamani zimeanza kufungiwa mlango. Indiana Jones and the Great Circle, uliotoka mwezi wa 12 mwaka 2024, unaomba kadi inayojua hesabu ya miale, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 hivi. GTX 1060 ya mwaka 2016, kadi iliyopendwa sana duniani kwa miaka mingi, haina uwezo huo. Hata kati ya kadi mpya, kumbukumbu ndiyo inaisha kwanza: RTX 5060 Ti ilitolewa kwa namna mbili, gigabaiti 8 kwa dola 379 na gigabaiti 16 kwa dola 429. Dola 50 hizo zinaweza kununua miaka kadhaa ya maisha.

Kwetu Lubumbashi kuna swali ambalo magazeti ya Ulaya hayaulizi sana: umeme. RTX 5090 inakula hadi wati 575, na NVIDIA inashauri kompyuta iwe na alimentasio ya wati 1000. RTX 5060 inakula wati 145.

Chukua nyumba inayotumia betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 wakati umeme umekatika. Betri hiyo inabeba karibu wati-saa 1200, na kama ni ya risasi, haifai kuimaliza kupita nusu. Kadi kubwa ikifanya kazi kwa nguvu yake yote inakula nusu hiyo kwa saa moja tu. Kadi ndogo inaweza kufika saa nne. Na hapo hatujahesabu ekrani na kompyuta yenyewe. Umeme ukirudi kwa kuruka-ruka, bila stabilizateri, dola 1999 zinaweza kuungua kwa sekunde moja.

Mji huu uliota kando ya shaba, na shaba ndiyo inapitisha umeme na kutoa joto ndani ya kadi hizi. Lakini bei inaamuliwa mbali, na siku hizi mchezaji si mteja wa kwanza tena. Katika mwaka wa hesabu uliofungwa mwezi wa kwanza 2025, NVIDIA iliingiza dola bilioni 130 na nusu. Michezo ilileta karibu bilioni 11 tu. Sehemu kubwa ilitoka kwenye vituo vya akili bandia.

Basi, mbele ya kutoa feza, jiulize: ekrani yangu ni ya aina gani? Michezo ninayocheza kweli ni ipi? Umeme wangu unaweza kubeba wati ngapi? Kama kadi si mpya, omba muuzaji aiwashe mbele yako na mchezo utembee nusu saa, kwani kuna kadi za zamani zilizobadilishwa jina. Kwa mwenye ekrani ya kawaida, kadi ya kati inatosha, na feza inayobaki inunue stabilizateri.