Bawa Lenye Njaa ya Upepo

"Mjomba, hewa ni kitu, au si kitu?"

Swali zuri hilo, mpwa wangu. Nakupongeza. Watu wazima tumeacha kuliuliza. Tunavuta hewa kutwa kucha, kisha tukiingia kwenye chumba kisicho na kiti wala meza tunasema, "Kitupu hiki." Si kitupu. Kimejaa hewa, na hewa ni kitu. Ina uzito. Inasukuma. Inabeba. Mimi mwenyewe imenibeba, mwili huu wote unaouona, na miguu ikabaki inaning'inia juu ya mji wa watu.

"Mji gani, Mjomba?"

Unaitwa Interlaken, uko Uswisi. Ni mji mdogo uliokaa katikati ya maziwa mawili. Upande wa magharibi kuna Ziwa Thun, upande wa mashariki kuna Ziwa Brienz. Mto Aare unatoka ziwa moja, unapita mjini, unaingia ziwa la pili. Pembeni kote ni milima ya Alpi. Ukitazama kusini unaona vilele vyenye theluji, Eiger, Mönch na Jungfrau, vimesimama bega kwa bega. Jungfrau ndio mrefu kuwapita wenzake. Una mita 4,158.

"Kilimanjaro ni mrefu zaidi!"

Kweli kabisa. Kilimanjaro una mita 5,895. Umesoma vizuri. Lakini leo hatushindanishi milima. Leo tunazungumzia hewa.

Basi, ukitembea Interlaken siku nzuri, inua macho. Utaona vitambaa vyekundu, vya njano, vya buluu, vinaelea angani, na chini ya kila kitambaa watu wananing'inia. Mchezo huo unaitwa paraglaidingi. Msafiri asiyejua kuruka hapewi kitambaa peke yake. Anafungwa kwa mikanda mbele ya rubani, wawili kwenye bawa moja. Huko wanasema tandemu. Rubani anaongoza. Mgeni kazi yake ni kukimbia, kukaa na kushangaa.

Tulipanda mlimani kwa gari dogo, barabara inapinda huku, inapinda kule, mpaka Beatenberg. Hapo pana mteremko wa nyasi uitwao Amisbühl, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Mji uko chini, kwenye mita 570 hivi. Rubani wangu, dada mmoja mchangamfu, akashusha mkoba mkubwa mgongoni. Akaufungua. Akatoa lundo la kitambaa na kamba nyembamba nyembamba, akalitandaza kwenye nyasi.

Nikalitazama lile lundo. Limelala. Halina habari. Nikaliuliza kimoyomoyo:

"Wewe Bawa, una mifupa?"

"Sina," akanijibu.

"Una injini?"

"Sina."

"Una manyoya?"

"Manyoya ya nini? Mimi ni nailoni."

"Sasa utanibebaje?"

Bawa akasema: "Nishibishe upepo, nikubebe."

"Bawa anakula upepo, Mjomba?"

Anakula, na ana vinywa vingi. Sikiliza alivyoumbwa. Ni kitambaa cha juu na kitambaa cha chini, na katikati yake kuta za kitambaa zilizoshonwa zikagawa vyumba, kimoja kando ya kingine. Kila chumba kina mlango kwa mbele. Kwa nyuma kimeshonwa, hakuna pa kutokea. Upepo unaingia kwa mbele, unajaa, unabanana humo. Kitambaa kinakakamaa. Bawa anapata umbo: mgongo umepinda, mbele nene, nyuma nyembamba. Umbo hilo linaisukuma hewa kwenda chini. Nayo hewa haikubali kuonewa. Inamsukuma Bawa kwenda juu.

Umeona? Kama hewa si kitu, ingemsukumaje?

"Nani aliwaza jambo hilo?"

Aliyewaza bawa la kitambaa lenye vyumba ni mtengeneza tiara. Ndiyo, tiara hizi mnazorusha na kugombania uzi! Aliitwa Domina Jalbert, akiishi Marekani, na alilibuni mwaka 1964. Warukaji wa parachuti wakalipenda. Lakini kuruka kwa parachuti kunataka ndege ya kukupandisha, na ndege ni ghali. Mwaka 1978, kwenye kijiji cha Mieussy huko Ufaransa, warukaji watatu, Jean-Claude Bétemps, André Bohn na Gérard Bosson, wakaona: milima tunayo, ndege ya nini? Wakalitandaza bawa kwenye mteremko, wakakimbia kushuka, na hewa ikawabeba. Akili iliyoanza na tiara ikafika huko. Kwa hiyo mtu akikwambia tiara ni mchezo wa kupoteza muda, mwambie Mjomba hakubali.

Sasa tungoje kidogo. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimepangiwa siku nyingine, na hatukuruka.

"Kulikuwa na mvua?"

Hapana. Mbingu zilikuwa safi, wingu halionekani. Milima ilikaribia macho, ungesema unyooshe mkono uguse theluji. Na bado dada rubani akakataa.

"Mbingu safi, halafu hamruki? Kwa nini?"

Ndiyo maana nakupenda, hukubali jibu nusu. Kuna upepo unaoitwa Föhn. Unatoka kusini, unavuka migongo ya Alpi, kisha unaporomoka kwenye mabonde ya upande wa kaskazini. Hewa ikishuka inabanwa, na ikibanwa inapata joto na kukauka. Ndiyo maana mawingu yanatoweka na mbingu zinapendeza. Lakini chini ya uzuri huo kuna upepo unaopiga kwa vishindo, mara huku, mara kule. Bawa asiye na mifupa anaweza kukunjwa nao angani. Wenyeji wanasoma dalili zake: wanatazama miti, wanatazama mawimbi ya ziwa, wanasoma vipimo vya upepo, na wakiona Föhn wanakaa chini. Bawa naye akabaki kwenye mkoba. Nikamsikia anasema, "Nishibishe upepo, ndiyo. Lakini si upepo wenye hasira."

Föhn ukapita. Sasa turudi mlimani, Bawa ametandazwa kwenye nyasi.

Nikavikwa kofia ngumu. Nikafungwa kiti kidogo chenye mikanda mapajani na kifuani. Dada rubani akajifunga nyuma yangu, akaunganisha vyuma, akavikagua, akavikagua tena. Kwenye kiti kulikuwa na parachuti ya akiba, imekunjwa, inangoja siku ambayo tunaomba isije. Kisha akanipa maneno mawili tu ya kukariri: kimbia, usikae.

"Kwa nini usikae, na kiti kipo?"

Kwa sababu Bawa bado ana njaa! Tunasimama tukitazama upepo unakotoka. Tunakimbia kuuelekea, ili uingie kwa nguvu kwenye vile vinywa. Mgeni akikaa kabla ya wakati, mbio zinakatika, na chakula cha Bawa kinakatika. Basi nikakimbia. Hatua za kwanza Bawa akanivuta nyuma, mzito kweli. Nikakimbia. Akasimama juu ya vichwa vyetu, ameshiba. Nikakimbia. Mguu wa kulia ukakanyaga nyasi. Mguu wa kushoto ukatafuta nyasi. Nyasi hazipo!

"Ulianguka?"

Sikuanguka. Hili ndilo lililonishangaza. Nilidhani tumbo litapanda kooni, na halikupanda. Tulikuwa tunateleza mbele, taratibu, mwendo wa kilomita 35 au 40 kwa saa. Bawa la watu wawili lina ukubwa wa mita za mraba 40 hivi. Kila linaposhuka mita moja, linasonga mbele mita nane. Sasa wewe mpenda hesabu, piga: toka mlimani hadi mjini ni kushuka mita 750 hivi. Zidisha kwa nane. Ni kilomita sita za kutembea hewani. Ndiyo maana mtu anayeruka mlimani anaweza kuuvuka mji mzima kabla ya kutua.

Na mji ulikuwa chini ya viatu vyangu. Mapaa ya nyumba. Treni inaingia stesheni. Maziwa mawili, buluu yenye ukijani, na meli inachora mstari mweupe majini. Dada rubani alishika vishikio viwili vilivyofungwa kwenye kamba za nyuma ya Bawa. Akivuta cha kulia, tunapinda kulia. Akivuta cha kushoto, tunapinda kushoto. Basi. Usukani wote ndio huo.

Mara nikasikia mlio. Pi. Pi. Pi-pi-pi. Ni kifaa kidogo ambacho marubani wanakiita vario. Kinalia mkiwa mnapanda.

"Mnapanda? Si ulisema bawa linashuka?"

Umenibana! Bawa kweli hushuka daima. Sasa nikupe siri, na siri hii iko jikoni kwa mama yako. Umewahi kukaa karibu na sufuria ya maji motoni? Mvuke unakwenda wapi?

"Juu."

Juu, maana hewa ikipata joto inakuwa nyepesi. Basi lile bonde lote la Interlaken ni sufuria. Milima ndiyo kingo zake. Jua ndilo moto wake.

"Lakini Mjomba, moto wa sufuria uko chini. Jua liko juu!"

Ahsante, mpwa wangu! Ningekuwa na zawadi ningekupa sasa hivi. Jua liko juu, lakini mwanga wake unapita kwenye hewa bila kuipasha sana. Unafika kwenye ardhi, na ardhi ndiyo inayopata moto. Kisha ardhi inaipasha hewa iliyo juu yake. Kwa hiyo moto wetu uko chini, palepale unapotaka uwe. Na sufuria hii haichemki sawa kila mahali. Mwamba na mteremko unaotazama jua hupata moto haraka. Ziwa hupata moto polepole. Beatenberg unatazama kusini, jua linauchoma vizuri, basi hewa ya joto inapanda kwenye kingo zake.

Dada rubani akaingia ndani ya hewa hiyo, akaanza kuzunguka. Mbele yetu mwewe naye anazunguka, hapigi bawa hata mara moja. Marubani wanamwamini mwewe. Akizunguka hivyo bila kutoka jasho, wanajua hapo pana hewa inayopanda, wanamfuata. Hewa inapanda haraka kuliko Bawa anavyoshuka. Sasa niambie, nani amepanda?

Bawa akajibu mwenyewe: "Mimi ninashuka tu. Hewa ndiyo iliyonibeba."

Kisha tukautafuta mji. Katikati ya Interlaken pana uwanja mkubwa wa nyasi, Höhematte. Hoteli kubwa zimepangana kando yake, lakini juu ya nyasi hapana hata kibanda.

"Kwa nini hawajengi? Si wangepata pesa nyingi?"

Wangepata. Lakini mwaka 1864 wenye hoteli na raia kadhaa walichanga fedha wakaununua uwanja ule, kisha wakakubaliana kwamba usijengwe kamwe. Walitaka macho yaone Jungfrau bila ukuta wa kuziba. Hawakujua habari za Bawa. Angezaliwa miaka mia baadaye. Lakini kwa sababu waliacha nafasi, leo watu wanaotoka angani wana pa kuweka miguu. Watoto, jambo jema likiachwa wazi, hujui nani atakuja kulitumia.

Tulipokaribia nyasi dada rubani akasema simama. Nikatoka kitini, miguu chini. Akavuta vishikio vyote viwili hadi mwisho. Bawa akapunguza mwendo, akashika hewa kwa mara ya mwisho. Hatua moja, mbili, tatu, tumesimama. Bawa akalala nyuma yetu, hewa ikamtoka vyumbani, akawa lundo tena. Watoto walikuwepo, wanakula aiskrimu, wala hawakushtuka. Kwao watu kushuka toka mbinguni ni jambo la kila siku.

"Mjomba, na kwetu kunarukwa?"

Kunarukwa. Nenda Iten, nchini Kenya, kwenye ukingo wa Bonde la Kerio. Wakimbiaji wa mbio ndefu wanafanya mazoezi hapo, na marubani wa mabawa ya kitambaa wanakuja hapo pia. Jua linachoma bonde, hewa inapanda ukingoni. Hewa haina nchi. Ikipata moto inapanda, iwe Uswisi, iwe Kerio.

Sasa kazi ya leo. Mwombe mama kanga moja. Mshike pembe wewe na mwenzako, mkimbie uwanjani mkiuelekea upepo. Mtasikia inawavuta mikono. Hiyo ndiyo hewa, inakujibu lile swali lako. Lakini sikia vizuri, na wote mnisikie: msipande mti, msipande paa, msipande ukuta. Bawa alininyanyua kwa mita za mraba 40, vyumba vilivyoshonwa kwa ustadi na rubani aliyesomea kazi hiyo. Kanga ya mama haifiki hata mita mbili za mraba, na haina chumba hata kimoja. Itakuvuta mikono, basi. Haikubebi. Na ikichanika, mama atataka kujua nani aliyewatuma, nanyi mtanitaja mimi.