Mapishi ya ukoo yanavyoweza kuvunja ukimya kuhusu mfadhaiko wa vijana

MZAZI Mkenya akitaka kumwonyesha mwanawe kwamba anampenda, aghalabu humpikia. Siku ya wazazi kuzuru shule za bweni inapowadia, vikapu hujaa chapati, pilau, kuku wa kukaangwa na chupa ya chai ya maziwa. Familia huketi chini ya mti, kijana hula, kisha maswali huanza: umekuwa wa ngapi darasani, mbona Hisabati imeshuka, unajua karo tumeilipa kwa shida?

Kengele ya kuwaaga wageni inapolia, kijana ameshiba, lakini hakuna aliyemuuliza kama hupata usingizi usiku.

Pengo hilo baina ya sahani iliyojaa na neno lisilosemwa linaweza kuzibwa kwa njia isiyo ngeni wala ghali: kumfundisha kijana mapishi ya ukoo wake, na kuutumia muda huo kuzungumzia mfadhaiko na, inapobidi, fikira za kujitoa uhai.

Suala lenyewe si dogo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya watu 720,000 hufa kila mwaka kwa kujitoa uhai, na miongoni mwa walio na umri wa kati ya miaka 15 na 29, hicho ni chanzo cha tatu cha vifo. Nchini Kenya, jopokazi lililoongozwa na daktari wa magonjwa ya akili Frank Njenga lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa.

Hata hivyo, takwimu hazimsaidii sana mama anayemwona bintiye wa kidato cha tatu akirudisha sahani ikiwa nusu kwa wiki ya tatu mfululizo. Anachohitaji ni namna ya kuanza.

Ugonjwa uliokosa jina

Ugumu wa kwanza ni wa lugha. Kiswahili kina maneno tele ya kueleza moyo ulioinama: huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, ukiwa. Mengi yao husimulia hali inayompata mtu baada ya msiba, na ambayo hupungua siku zinavyopita. Wataalamu wanapozungumzia mfadhaiko, ambao wengine huuita unyogovu au sonona, wana maana ya ugonjwa. Ni hali inayodumu kwa wiki mbili au zaidi, ikimpokonya mtu hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi, nguvu na uwezo wa kumakinika, na kumfanya ajione hana thamani. Kusema tu kwamba kijana "ana mawazo" hakutoshi, ijapokuwa ndivyo isemwavyo mitaani.

Kwa vijana, ugonjwa huu una hila zake. Badala ya kulia, kijana anaweza kuwa mkali, kujifungia chumbani, kuacha kabumbu au kwaya aliyoipenda, na alama zake shuleni zikaporomoka. Wazazi wengi huona utovu wa nidhamu hapo, na dawa yao huwa ni hotuba au kiboko.

Mabadiliko ya hamu ya chakula ni mojawapo ya dalili ambazo madaktari huziulizia. Kuna anayekataa kula, na kuna anayekula kupita kiasi bila kuhisi ladha. Kwa hivyo, anayepika nyumbani huweza kupata habari mapema kuliko mwalimu na daktari, kwa kuwa ndiye anayeona kinachorudi kwenye sahani.

Mikono ikiwa na kazi

Sababu ya jikoni kufaa kwa mazungumzo haya ni rahisi kuieleza. Kijana anayeitwa sebuleni na kuambiwa "keti, kuna jambo" hujihisi yuko kizimbani. Macho ya mzazi yamemkazia na hana pa kuyapeleka ya kwake. Lakini wawili wanaochambua managu kwenye ungo mmoja huyatazama majani. Kimya kikitanda hakuna aibu, kwa kuwa kazi inaendelea. Neno zito linaweza kutamkwa huku macho yakiwa kwenye kisu na kitunguu, kisha likaachwa hapo hadi msemaji awe tayari kuliendeleza.

Isitoshe, mapishi ya asili huchukua muda. Muthokoi wa Ukambani, yaani mahindi yaliyotwangwa hadi maganda yakatoka, huchemshwa pamoja na kunde au maharagwe kwa saa kadhaa. Unga wa mahamri ya Pwani, uliokandwa kwa tui la nazi na iliki, sharti usubiriwe uumuke kabla ya kusukumwa na kukatwa pembetatu. Hakuna anayeteleka githeri kisha akasema ana dakika tano tu. Ni muda huo wa kungojea, wala si ladha, ulio na thamani hapa.

Kuna jambo la pili, na pengine ndilo kubwa. Anayefundishwa mapishi ya ukoo hukabidhiwa urithi. Nyanya husema "tia chumvi kiasi", kijana akauliza kiasi ni kipi, na jibu likawa ni kiganja, au kuonja. Wataalamu husema kwamba wengi wanaofikiria kujiua hujiona kuwa mzigo kwa jamaa zao. Kijana aliyezongwa na hisia hiyo huambiwa pale, bila hotuba yoyote, kwamba kuna kitu cha ukoo kitakachopotea asipokishika yeye. Hata anayeishi katika ghorofa Nairobi anaweza kumpigia simu nyanya yake aliye Siaya au Murang'a akamuuliza namna ya kupika aliya au mukimo. Kwa kijana aliyejitenga, simu hiyo pekee ni hatua.

Ushahidi uliopo

Utafiti kuhusu mlo wa pamoja umefanywa zaidi ng'ambo. Mwaka wa 2004, watafiti wa jimbo la Minnesota, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahusisha vijana 4,746. Kwa jumla, waliokula na familia zao mara nyingi kwa wiki walikuwa na dalili chache zaidi za mfadhaiko na fikira chache zaidi za kujiua kuliko wale waliofanya hivyo kwa nadra. Uchunguzi mwingine wa Kanada, uliochapishwa mwaka wa 2013 na kuwahusisha zaidi ya vijana 26,000 wenye umri wa miaka 11 hadi 15, ulionyesha kwamba sehemu ya manufaa hayo ilitokana na wepesi wa kijana kuzungumza na wazazi wake.

Tafiti za aina hii hazithibitishi kwamba chakula ndicho kinga, kwani huenda ikawa familia zenye amani ndizo zinazokula pamoja. Na kwa hakika meza ya chakula inaweza kugeuka uwanja wa vita. Mzazi anayemsuta mwanawe kuhusu unene au wembamba wake, anayemlazimisha amalize sahani, au anayemlinganisha na mtoto wa jirani aliyepata alama ya A, angefanya heri kunyamaza na kupika tu.

Wavulana na moto wa nje

Duniani kote, wanaume hufa kwa kujitoa uhai kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile cha wanawake. Ajabu ni kwamba katika jamii nyingi nchini, mvulana akishapashwa tohara hukatazwa kuketi jikoni kwa mama yake. Mahali ambapo dada zake huendelea kusemezwa na kusikizwa, yeye hufungiwa mlango, na kuambiwa kwamba mwanamume halii.

Si lazima mila hiyo ipigwe vita ndipo kijana asaidiwe. Mwanamume anayeapa kwamba hajui kupika ndiye huyo huyo anayelinda jiko la nyama choma kwa saa mbili bila kumruhusu mtu mwingine kugeuza mbavu. Baba, mjomba au babu anaweza kumwita mvulana pale penye makaa na kumfunza namna ya kuchagua nyama na kuchemsha supu. Masharti ni yale yale: kazi ya mikono, muda mrefu, na wasikilizaji wachache.

Kutoka kwa chungu hadi swali lenyewe

Kila chakula cha ukoo kina hadithi, na nyingi si za furaha. Mwulize aliyekuwa na nyumba mwaka wa 1984 kuhusu ugali wa manjano. Atakusimulia ukame uliokausha mashamba hadi mahindi yakaletwa kutoka ng'ambo. Atasema vile ugali ule ulivyokataliwa na watoto na ukaliwa kwa sababu hapakuwa na mwingine. Mzee anayesimulia hayo anaweza kusonga hatua moja mbele na kueleza jinsi alivyojisikia usiku wa siku zile, alivyokata tamaa, na nani aliyemshika mkono. Wachache hufika hapo, kwa kuwa wazee wetu wamezoea kusimulia njaa ya tumbo na kuruka ya moyo.

Mkubwa akishasema kwamba naye aliwahi kulemewa, kijana hupata ruhusa ya kusema lake. Pia ni nafasi ya kuutaja ukweli unaofichwa katika koo nyingi, kwamba kuna shangazi aliyeugua mfadhaiko, au ami ambaye kifo chake hakielezwi watoto. Katika baadhi ya jamii, aliyejiua alizikwa haraka, bila matanga, na jina lake halikupewa mtoto. Ukimya huo ulikusudiwa kuzuia balaa. Kwa kijana wa leo anayewaza mambo hayo hayo, huwa ni ishara kwamba hakuna wa kumwambia.

Hata hivyo, hadithi haitoshi. Mzazi mwenye wasiwasi hana budi kuuliza waziwazi: "Je, umewahi kuona heri usingekuwepo? Umewahi kufikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo ilichunguzwa katika shule sita za sekondari za jimbo la New York, na matokeo kuhusu wanafunzi 2,342 yakachapishwa mwaka wa 2005. Walioulizwa kuhusu kujiua hawakupata mfadhaiko wala fikira hizo zaidi ya wenzao ambao hawakuulizwa. Walioonekana kuwa hatarini ndio waliofaidika, ikiwa kulikuwa na tofauti yoyote.

Jibu likiwa ni ndiyo, jambo la kwanza ni kusikiliza. Maneno kama "unakosa nini hapa?", "ni mapepo hayo" au "fikiria aibu utakayotuletea" humfunga kijana mdomo, pengine kwa mara ya mwisho. Haifai kumwahidi kwamba itakuwa siri, kwani msaada hauwezi kuitwa kwa siri. Asiachwe peke yake, na vitu anavyoweza kujidhuru navyo, zikiwemo dawa za hospitali na za shambani, vifungiwe mbali naye. Kisha apelekwe kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Mfadhaiko hutibika kwa ushauri nasaha, kwa dawa au kwa vyote viwili, na hakuna mukimo unaochukua nafasi ya matibabu hayo.

Nyanya wa Harare

Wanaodhani kwamba wazee wasio na shahada hawawezi mambo haya watazame Zimbabwe. Mwaka wa 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza wanawake wazee jijini Harare kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua shida zao moja baada ya nyingine. Ugonjwa wenyewe waliuita kwa neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo kila mtu alilielewa. Majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 2016 yalionyesha kwamba watu wazima waliohudumiwa na nyanya hao walipungukiwa na dalili za mfadhaiko kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Nyanya wale walipewa mafunzo na walikuwa na wakuu wa kuwarejelea, jambo ambalo nyanya wa kijijini hana. Lakini ustadi wao mkuu, ule wa kuketi na mtu bila haraka, umejaa tele katika vigoda vya jikoni kwetu.

Familia za Kenya zilikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza, nayo ni sheria. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na aliyepatikana na hatia angeweza kufungwa hadi miaka miwili au kutozwa faini. Mzazi aliyemkimbiza mwanawe hospitalini alihofia kituo cha polisi. Mnamo Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Si wengi vijijini waliopata habari hizo, na zinastahili kusimuliwa jikoni pamoja na mengine.

Kijana au mzazi anayehitaji msaada anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu nchini, au 116 ya Childline Kenya inayowahudumia watoto. Hospitali ya kitaifa ya Mathari, Nairobi, na hospitali nyingi za rufaa za kaunti zina kliniki za afya ya akili. Maisha yakiwa hatarini papo hapo, kijana apelekwe kwenye kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, akiandamana na mtu anayemwamini.