Morfini si Sumu, Wala Tramadoli si Karanga



Kazi yangu ni kutunza vitabu vya parokia: cha ubatizo, cha ndoa, na kile kisichopendwa na mtu, cha marehemu. Juma moja mwaka jana niliandika humo majina mawili, moja chini ya lingine. La kwanza lilikuwa la mama mzee mwenye saratani ya kizazi. La pili lilikuwa la kijana wa miaka 23, mchimbaji wa dhahabu. Mama alikufa akilia kwa maumivu, na chupa ya morfini aliyopewa hospitali ilikuwa juu ya kabati, imejaa. Shemeji yake aliificha, akisema, "Hiyo ni dawa ya kumaliza watu." Kijana hakuwa na ugonjwa wowote ila uchovu. Alimeza vidonge vya tramadoli pamoja na gongo, akalala, asiamke.

Dawa aliyonyimwa mama na dawa aliyoimeza kijana ni za ukoo mmoja. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Yafaa tujue kwanza dawa hizi zafanyaje kazi. Mwili ukiumia, habari ya maumivu hupita katika mishipa ya fahamu, hupanda uti wa mgongo, ikafika ubongoni. Sasa, katika ubongo na katika uti wa mgongo mna vitu mfano wa makufuli madogo sana, na mwili wenyewe hutengeneza funguo zake za kupunguza maumivu. Labda umepata kumwona mtu aliyejikata mguu akimkimbia nyoka, naye asisikie uchungu mpaka afike nyumbani. Ni kazi ya funguo hizo.

Kasumba, yaani utomvu wa mmea uitwao mpopi, ina funguo zinazofanana na hizo za mwili. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani mmoja mtengeneza dawa, Friedrich Sertürner, aliupata ufunguo wenyewe ndani ya kasumba, akauita morfini. Heroini nayo hutengenezwa kwa morfini. Kampuni ya Bayer ilianza kuiuza mwaka 1898, tena kama dawa ya kikohozi! Tramadoli haitoki katika mmea wa mpopi. Hutengenezwa kiwandani, haina nguvu kama morfini, lakini huingia katika makufuli yale yale.

Shida ni kwamba makufuli hayo hayako katika njia ya maumivu peke yake. Yako matumboni, na kwa hiyo atumiaye dawa hizi hufunga choo. Yako katika sehemu ya ubongo iletayo raha. Tena yako, na hapa nakuomba usome polepole, katika sehemu iamrishayo pumzi. Mtu aliyelala huvuta pumzi bila kufikiri, kwa kuwa ubongo humwamrisha. Dawa ikizidi, amri hiyo hufifia. Pumzi 15 kwa dakika huwa 10, kisha 5, kisha kimya. Hapigi kelele wala hajitupi-tupi. Huenda akakoroma, na wenzake hudhani amelala vizuri. Pombe nayo hulegeza pumzi, na viwili hivyo vikikutana hatari huongezeka mno.

Vijana wetu wa maduarani si wajinga, wala si wahuni wote kama wengine wasemavyo barazani. Kushuka shimoni kwa kamba na kuvuta viroba vya mawe usiku kucha ni kazi ya kuvunja mgongo. Mwenzake akimwambia kidonge hiki kitaondoa uchovu, atameza. Lakini kidonge hakiondoi uchovu, huuficha tu. Tramadoli, ikizidi, huweza pia kuleta kifafa kwa mtu asiyepata kuwa nacho maishani, naye fikiri kifafa kimpate akiwa kwenye kamba. Sheria yataka dawa hii itolewe kwa cheti cha daktari. Anayeiuza kimoja kimoja kama karanga anajua anachofanya.

Ukimkuta mtu ambaye haamki hata ukimfinya, mboni zake zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, pumzi ni chache na midomo inageuka rangi, usimmwagie maji wala usimnyweshe maziwa. Ikiwa avuta pumzi, mlaze kwa ubavu. Ikiwa havuti, inua kidevu chake, mzibe pua, umpulizie kinywani, pumzi moja kila baada ya sekunde tano hivi, huku gari au pikipiki ikitafutwa. Hospitalini iko dawa iitwayo naloksoni, ambayo huusukuma ule ufunguo utoke katika kufuli.

Aliyezoea naye ana shida yake. Makufuli hupungua usikivu, ndipo kidonge kimoja huwa viwili, na viwili vinne. Akiacha ghafula hupata arosto: miayo, kamasi, kuhara, viungo kuuma, usingizi kutoroka. Si pepo, wala si uvivu wa kusali. Mgonjwa huyu apelekwe hospitali. Kwa wale walionaswa na heroini, Muhimbili ilianza mwezi wa Februari 2011 kutoa methadoni, dawa ya kunywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na kwa sisi wa kanda ya Ziwa huduma hiyo iko Mwanza, katika hospitali ya Sekou Toure.

Utauliza basi: ikiwa ndivyo, shemeji yule hakufanya vema kuificha chupa? Hakufanya vema hata kidogo. Mgonjwa wa saratani huanzishwa kipimo kidogo, hupewa kila saa nne, nacho huongezwa taratibu kwa kadiri ya maumivu. Kwa njia hiyo pumzi haisimami. Daktari Anne Merriman, aliyeanzisha Hospice Africa mjini Kampala mwaka 1993, aliwapa wagonjwa morfini ya maji, unga wake ukichanganywa kwa gharama ndogo, wakaitumia nyumbani mwao kijijini. Watu waliokuwa wakilia usiku na mchana wakaweza kula, kusali, na kuwaaga watoto wao.

Wengine husema Bwana wetu msalabani alikataa divai yenye manemane. Ni kweli. Lakini tarehe 24 Februari 1957 Papa Pius XII aliwajibu madaktari waliomwuliza jambo hili. Alisema Mkristu hapaswi kulazimishwa kuumwa, na kwamba dawa za kutuliza maumivu zaruhusiwa hata kama zingefupisha maisha, ikiwa hakuna njia nyingine wala hazimzuii mgonjwa kutimiza wajibu wake mbele ya Mungu.

Basi mkipewa chupa hiyo Bugando au penginepo, mwulizeni mwuguzi kipimo na saa, mwandike katika daftari kila mnapompa. Ombeni na dawa ya kulainisha choo. Chupa ifungiwe sandukuni, watoto wasiifikie, wala kijana wa machimbo asionje. Mgonjwa akifariki, iliyobaki irudishwe hospitali. Ile ya mama yetu niliirudisha mwenyewe, nikiwa na binti yake, baada ya misa ya arobaini.